Mjadala: Je, wasio mawakili waruhusiwe kumiliki kampuni kubwa za mawakili?

Mleta mada:

Wakuu, mapema 2025 KPMG, wakaguzi wa hesabu, waliruhusiwa na Mahakama ya Juu ya Arizona, Marekani, kuendesha kampuni ya mawakili. Uingereza ilifungua mlango huo kwa sheria ya 2007. Wanaounga mkono wanasema shida ni mtaji: mishahara na pango hulipwa kila mwezi, lakini ada ya kesi huchukua hata miaka kuingia, na wabia, yaani mawakili wenye kampuni, wamezoea kugawana faida yote mwisho wa mwaka. Pesa ya mifumo mipya itoke wapi?

Mimi napinga, na sababu yangu ni Slater and Gordon ya Australia. Mei 2007 ilikuwa kampuni ya kwanza ya mawakili duniani kuingia soko la hisa. Iliwaambia wawekezaji waziwazi kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, wa pili kwa mteja, ndipo waje wenye hisa. Nawaheshimu kwa kulitamka hilo. Lakini soko linataka hesabu zipande kila msimu. Kesi zao nyingi zilikuwa za fidia za majeruhi, usiposhinda hulipwi, na kazi ambayo haijalipwa iliingizwa vitabuni kama mapato, kwa makadirio. Ili waendelee kukua wakakopa na kununua kampuni nyingine. Mwaka 2015 walinunua kitengo cha Quindell ya Uingereza kilichoshughulikia madai ya fidia za ajali, kwa takriban pauni milioni 637. Novemba mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wa kubana fidia za majeraha madogo ya ajali za barabarani. Hisa zikapoteza kama nusu ya thamani kwa siku moja. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2016 ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 za Australia, na hatimaye kampuni ikaangukia mikononi mwa mifuko ya uwekezaji iliyokuwa imenunua madeni yake. Aliyevunjika mguu akamtafuta wakili hakuomba kesi yake iwe rehani ya mkopo wa mtu.

Mchangiaji:

Ndugu, mbona Dewey & LeBoeuf ya New York huitaji? Ilikuwa na mawakili zaidi ya 1,000, mwenye hisa wa nje hata mmoja hakuwepo, na Mei 2012 ikafilisika. Wabia nyota waliahidiwa mamilioni ya dola hata mapato yakishuka, kampuni ikakopa. Mawakili wenyewe ndio walioibomoa.

Mleta mada:

Hoja nzito, na ni kweli joho haliponyi tamaa. Ila tazama nani alibeba hasara. Wabia wengi wa zamani wa Dewey walikubali kuchangia jumla ya takriban dola milioni 71 kwa wadai ili wasishtakiwe. Waliokula faida wakadaiwa. Mwenye hisa wa sokoni huuza asubuhi akaondoka, na hana kiapo mbele ya mahakama yoyote. Kwa hiyo nawauliza mnaotaka mtaji wa nje: mko tayari sheria ikataze kukopa kwa dhamana ya kesi ambazo hazijaamuliwa? Mkikubali hilo, tunaweza kuanza kuelewana.