Nimeuziwa ubao uliopakwa rangi kwa bei ya gita la stili la mwaka 1938

Assalamu alaykum ndugu zangu. Siku ya tisa leo sijaandika kitu, kwa sababu kila nikishika simu mkono unatetemeka kwa hasira. Naomba mtu asinijibu "pole, ndiyo biashara za mtandaoni hizo" kabla hajasoma mpaka chini.

Mimi ni mpigaji kanuni, kile chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi, hapa Mjini Unguja, mwaka wa kumi na nane huu. Muda wote huo nilikuwa nalitamani gita la stili. Kwa asiyelijua: hulishiki kifuani, unalilaza mapajani, nyuzi zake zimenyanyuliwa juu ya shingo, na badala ya kubonyeza kwa vidole unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Wazee wetu wakiliita gita la Hawaii, na wengi walilisikia kwanza kwenye nyimbo za filamu za Kihindi. Marehemu ami yangu alikuwa nalo moja la mbao. Akitoka sinema ya Majestic usiku na wimbo kichwani, asubuhi tunausikia barazani kabla hajanywa chai. Gita lile liliishia kwa mchwa, na sauti yake mpaka leo sijaisahau.

Wenzangu wa kikundi wananiuliza kwa nini stili na si gita la kawaida. Kwanza kwa mtu wa kanuni mkao ni ule ule, chombo kinakaa mapajani. Halafu lipo la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kwenye kanuni, nikitaka ile robo ya sauti ya makamu ya bayati nanyanyua kijichuma cha ubavuni, na kijichuma kinanipa pale pale kilipopigiliwa, si juu kidogo wala si chini kidogo. Chuma cha stili hakina kituo. Kinakwenda popote, kama fidla, kama udi, kama koo la mwimbaji. Nigeria, mwanamuziki King Sunny Adé aliliingiza stili la pedali ndani ya muziki wa juju na likaonekana kama lilizaliwa kule. Niliona taarabu nayo ina nafasi yake.

Basi nikaanza kutafuta, na nilikuwa najua ninachokitafuta. Rickenbacher la bekelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, nyuzi sita. Kiwanda hicho cha Los Angeles ndicho kilichotoa mwaka 1932 lile gita la umeme lenye umbo la kikaango, gita la umeme la mwanzo kupata soko la kweli, na lilikuwa la kulaza mapajani. Mwaka 1935 wakaleta hili la bekelaiti. Juu ya nyuzi zake kuna sumaku mbili za umbo la kiatu cha farasi, nyuzi zinapita ndani yake. Yaliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili sumaku zake zina upana wa inchi moja na nusu. Baada ya vita zikapunguzwa zikawa inchi moja na robo. Wapigaji wanagombania zile pana, wanasema sauti yake ni nene zaidi. Mambo haya nimeyasoma miaka, sikuingia sokoni kama kipofu.

Muuzaji wa kwanza alichukua arubuni ya laki moja akapotea. Wa pili alinitumia picha ya gita la kawaida lenye nyuzi za chuma, akaniapia kwamba ndilo gita la stili. Huyo nilimsamehe, huenda kweli hajui.

Wa tatu anajua. Ndiyo sababu ya andiko hili.

Yuko Dar, ana ukurasa wenye wafuasi wengi na anauza vyombo vya muziki "vya zamani kutoka Ulaya". Akaweka picha saba. Bekelaiti nyeusi imepauka kidogo, sumaku pana, bati za kromu, na pembeni karibu na mstari wa tano wa shingoni kuna ufa mdogo kama unywele. Nikamwandikia: "Kaka, sumaku hizo zina upana gani?" Akajibu: "Inchi moja na nusu bosi wangu, la 1938, halijaguswa." Hakusema "sijui". Hakusema "ngoja nipime". Alinitajia kipimo kamili na mwaka kamili. Nikamwomba video anapiga hata uzi mmoja. Akasema hana amplifaya hapo. Nikamwomba alipige bila ya umeme, nisikie nyuzi tu. Akasema kuna mteja wa Nairobi anataka kutuma pesa jioni ile ile.

Hapo ndipo niliponaswa. Zamu yangu ya mchezo, yaani upatu, ilikuwa imefika wiki ile, na kabla yake nilikuwa nimeweka pesa za kupiga harusini za miezi saba. Shilingi 2,400,000 nikatuma kwa simu kwa mikupuo miwili, na 120,000 nyengine za kufunga sanduku na kulipakia boti. Mke wangu alinambia subiri mpaka kesho. Sikumsikiliza.

Nikenda bandarini Malindi kulipokea mwenyewe. Kulibeba tu nikashtuka: jepesi. Bekelaiti ni nzito, gita dogo vile lakini linakukalia mapajani kama jiwe la kusagia. Nyumbani nikafungua nikatafuta ule ufa wa mstari wa tano. Haupo. Ndugu zangu, ufa wa miaka themanini haufungi wenyewe ndani ya boti. Gita la kwenye picha na gita lililoko mbele yangu ni vitu viwili.

Nikachukua rula. Sumaku, inchi moja na robo. Nikafunga sindano ya cherehani kwenye uzi nikaining'iniza karibu yake. Haikuvutwa, ikaning'inia tu. Si sumaku hizo, ni chuma kilichokunjwa kikatiwa nikeli, na chini yake wamefukia pikapu ya kisasa, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi. Kile kibati cha kichwani jina limeandikwa Rickenbacker, kwa k. Kabla ya vita kwenye vibati vya magita haya waliandika Rickenbacher, kwa h. Hata kunakili kumewashinda!

Kisha nikalisugua. Bekelaiti ukiisugua kwa dole gumba mpaka ipate moto inatoa harufu ya karboliki, ile ya dawa ya kusafishia hospitali. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe haitaji kufundishwa hilo, swichi nyeusi za mviringo kwenye kuta za nyumba za bibi zetu ni bekelaiti hiyo hiyo. Nikasugua mpaka dole likaniuma. Hakuna harufu. Nikakwangua kidogo kwa ncha ya kisu nyuma, pasipoonekana, na chini ya rangi nyeusi ikatokea mbao nyeupe. Ile mistari ya shingoni, ambayo kwenye la kweli imefinyangwa pamoja na bekelaiti yenyewe, hapa imechorwa kwa brashi.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kutu. Wamelipaka kutu! Skrubu mpya zinang'aa, lakini pembezoni mwa bati kuna rangi ya hudhurungi ili lionekane kuukuu. Nikapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, ikaondoka yote. Mtu wa kisiwani umuuzie kutu ya uongo? Sisi chumvi inakula bawaba zetu, inakula baiskeli zetu. Kutu ya kweli inakula chuma na kuacha vishimo, haifutiki kwa kitambaa. Aliyeipaka alikaa chini, akachanganya rangi, akachagua pembe za kupaka. Hii ni kazi ya mikono. Asiniambie kateleza.

Nikampigia usiku ule ule, kwa adabu kabisa. Nikamwambia kaka, labda umechanganya masanduku. Akasema atafuatilia. Asubuhi akanitumia sauti: "Bosi, vitu vya zamani havirudishwi, uliona picha ukaridhika mwenyewe." Nikamtumia picha ya rula, video ya sindano, picha ya pahala palipokwanguliwa. Akasoma zote. Jioni akanifungia WhatsApp. Siku mbili baadaye zile picha saba zikarudi ukurasani kwake, gita lile lile lenye ufa, "limebaki moja tu". Kijana wa kikundi chetu akazitafuta mtandaoni akazikuta kwenye tangazo la mauzo la Marekani la miaka ya nyuma, limeshauzwa zamani huko. Kwa hiyo hakuwahi kulimiliki hata siku moja.

Sasa nawageukia wale wanaosema "umenunua cha mtumba, ulitarajia nini?" Nilitarajia mtumba! Kuukuu nalikubali. Kromu iliyochunika, kitufe kilichopotea, waya unaonguruma, hata sumaku iliyodhoofika kwa umri, hayo yote ningeyapokea na kuyatengeneza taratibu. Darajani ukinunua shati la mtumba unaligeuza ndani nje, unalivuta mshono, unalinusa, muuzaji anakuangalia na hakukatazi. Ukikuta tundu mnashusha bei. Kwenye simu macho yangu ni yale anayonipa muuzaji, basi akinipa macho ya kitu kingine ameshaniibia kabla sijatuma pesa. Sote chuo cha Kurani tulisomeshwa habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kimerowa, akamwambia mwenye mali kwamba anayeghushi si katika sisi. Na sharia inampa mnunuzi khiari ya kurudisha kitu chenye aibu, yaani kasoro, iliyofichwa. Hili la kwangu hata si aibu ya kitu, ni kitu chengine kabisa.

Ninachotaka ni 2,520,000 zangu, pamoja na ya usafirishaji. Mbao yake nitamrudishia, sina haja nayo. Na zile picha aziondoe, kwa sababu wiki iliyopita mtu wa Wete amenipigia anataka kutuma pesa kwa huyo huyo. Nimemzuia. Sijui wangapi sikuwahi kuwazuia. Kama nawe umenunua kwake, stili, saksafoni, kinanda, chochote, niandikie inboksi utaje ulichoahidiwa na ulichopokea, na usifute mazungumzo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi Bara na Visiwani, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Malalamiko ya mtu mmoja wanayaweka pembeni. Ya watu sita watayasoma.

Mimi risiti zote ninazo, za kutuma pesa na za boti. Sauti yake nimeihifadhi kwenye simu tatu. Jumamosi nakata boti ya saa moja asubuhi na sanduku langu, rula na ile sindano ndani yake, na shemeji yangu anayekaa Dar atanipokea bandarini twende kituoni pamoja. Mwenye la kuniongezea kwenye ushahidi ana mpaka Ijumaa usiku.