Banda la kuku linawaka moto saa nane mchana: nibomoe au nirekebishe?

Mama Vifaranga (Tanga)

Ndugu wafugaji, salaam. Mwaka jana nilijenga banda la kuku nyuma ya nyumba, upana mita 2 na urefu mita 3, kwa tofali za saruji hadi kwenye bati, nikaacha vidirisha viwili tu kwa kuogopa wezi na kicheche. Nina kuku 20 wa kienyeji, nao hushinda ndani kwa sababu jirani yangu ana bustani ya mchicha. Tangu kaskazi ianze, ikifika saa nane mchana ninawakuta midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili, na wiki iliyopita niliokota watatu wamekufa ilhali asubuhi walikula vizuri. Banda limeegemea ukuta wa uzio upande wa magharibi, na ubavu wake mrefu unatazama mashariki. Nina laki mbili na nusu. Je, kuna la kufanya kwa fedha hiyo?

Fundi wa Pangani

Pole sana, mama. Kuku hana jasho. Joto la mwili hulitoa kwa kuhema, na hewa ya pale alipo ikisimama, kuhema huko hakumfai kitu. Wewe umewajengea stoo. Huku pwani banda la kuku linataka paa, wavu na upepo, na tofali ulizozipandisha juu ya magoti ndizo zilizokula fedha yako na kuwaua kuku wako.

Ningekuwa mimi, ningeezua bati, nikabomoa, kisha nikajenga upya mahali palipo wazi, ubavu mrefu ukitazama kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni litapiga zile kuta fupi tu, na upepo wa kaskazi na wa kusi, kila mmoja kwa msimu wake, utakatiza banda kwa upana. Tofali zipange kozi mbili, karibu nusu mita, ili kuzuia mvua na nguchiro; kuanzia hapo hadi juu simamisha mirunda na ufunge wavu. Bati la mita 3 likilazwa kukatiza upana wa mita 2 linakupa upenu wa karibu nusu mita kila upande, bila kukata wala kuunga. Upande wa kusini shona pazia la sandarusi kwa ajili ya masika, lakini lifunge chini na ulivute kwenda juu, ili hata likiwa limefungwa ibaki nafasi ya hewa karibu na paa. Wengi hulifunga juu na kuliteremsha, nalo hugeuka kuwa ukuta mwingine. Juu ya bati tandaza makuti, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Ukubwa usiuguse: kuku watano kwa mita moja ya mraba wanatosha, nawe una nafasi ya ziada.

Mfugaji wa Likoni

Ninaafikiana na fundi kwa yote isipokuwa makuti. Niliyaweka juu ya mabati kwa miaka miwili. Panya walizaliana humo, nyoka akawafuata panya, na utitiri ulipoingia sikuweza kuumaliza mpaka nilipoyachoma yote. Siku hizi ninapaka mabati chokaa iliyokorogwa na chumvi kidogo ili ishike. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na ukiligusa kwa chini adhuhuri hutoi mkono mbio kama zamani. Mvua za masika huiosha, lakini wakati huo joto limekwisha kupungua, kwa hiyo ninapaka mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba.

Kuhusu wezi, wavu mwembamba hukatwa kwa koleo kwa dakika moja. Nunua mabanzi kwenye kiwanda cha mbao, yasimamishe nje ya wavu kwa kuachanisha upana wa vidole vinne, kisha lisogeze banda karibu na dirisha la chumba unacholala.

Mkazi wa Dodoma

Huku kwetu ninanyunyizia maji juu ya paa na sakafuni saa saba, na kuku hupoa mara moja. Tafadhali usiniige, kwa maana hewa ya Dodoma ni kavu na maji hukauka yakiondoka na joto, ilhali Tanga hewa imekwisha kujaa unyevu, nawe utaishia kulowesha maranda na kuwaletea kuku kikohozi. Cha kuiga ni chombo cha maji: tumia chungu cha udongo, kiwe kivulini, na maji yabadilishwe adhuhuri, kwa sababu kuku hakubali kunywa maji ya moto hata akiwa na kiu.

Mama Vifaranga (Tanga)

Nimewasikia, ahsanteni. Leo nimepima kwa kamba kona ya kwenye mwarobaini, na ubavu mrefu unaingia vizuri ukitazama kaskazini, hatua sita kutoka dirisha langu. Makuti nimeyaacha, nimechagua chokaa. Mabati yapo matano na mawili yametobolewa na misumari, kwa hiyo nitayaziba kwa lami kwanza, ndipo nipake.