Mutoto alichomwa na maji ya moto, shingo imevutika: nitachagua namna gani munganga wa kumuopere?

MamaKadutu (Bukavu)
Jambo benu bote. Niko na binti wa miaka nane. Akiwa angali mudogo maji ya bugali ilimumwangikia kutoka ku mbabula, ikamuchoma shingo na kifua. Kidonda ilipona lakini ngozi ikaanza kuvutika pole pole, sasa kidevu inashuka ku kifua, akitaka kusoma kwa tablo ku masomo anageuza mwili muzima juu shingo haipande, na mudomo ya chini imevutwa mpaka mate inatoka bila yeye kujua. Batoto benzake banamuita majina. Siku hizi anajifunga kitambaa ata kukiwa jua kali.
Njia tulizo nazo: kuna dokta moja hapa mujini, kliniki ni yake mwenyewe, alituonyesha mafoto mu telefone ya batu alisha kutengeneza, anasema ni kazi ya asubui moja na kesho yake mutoto anarudi nyumbani. Ingine, batu ba kanisa banasema timu ya banganga ba inje inakuyaka kuopere bure. Na shemeji yangu mwenye kuikala Kampala anatuambia twende CoRSU, ile hospitali ya Kisubi ku barabara ya Entebbe. Baba yake anataka ule wa hapa juu iko karibu na bei tunaweza kuitafuta. Miye roho haijatulia. Benye mulisha kupitia hii mambo, muliangalia nini? Muliuliza nini?

Furaha_Himbi (Goma)
Pole sana mama, pole na mutoto. Kwetu ilikuwa mukono wa mudogo wangu, kiwiko kilijikunja kabisa. Mafoto mu telefone isikudanganye, foto ya juma mbili kisha operasyo karibu zote ni nzuri, ngozi ya kupandikiza inaanza kujivuta kisha hapo. Muombe akuonyeshe mutoto mwenye alimuopere shingo, si tumbo si matiti, SHINGO, na foto ya mwaka moja nyuma. Bora zaidi akupatie namba ya muzazi moja mwenye anakubali kuongea. Ule alituopere alitupatia za bazazi babili bila hata kufikiri, tukaongea na mama moja wa Sake saa muzima, ule mama njo alitupa moyo kuliko munganga mwenyewe.

MukongoMan243
Kwani hiyo si keloidi? Mimi nilikuwa nayo ku sikio, walikata tu, mambo ikaisha. Usijisumbue kwenda mbali dada.

Infirmie_wa_Usiku (Goma)
@MukongoMan243 hapana kaka, tusichanganye. Keloidi ni kovu inayovimba na kutoka inje ya mupaka wa kidonda, na ukikata bila kufanya kingine mara nyingi inarudi, wakati mwingine kubwa kuliko ile ya kwanza, njo maana wengi banachomwa sindano za triamsinoloni, dawa ya kupunguza kovu, ndani ya kovu. Ya huyu mutoto ni kovu iliyokaza na kuvuta viungo. Na mutoto anakua lakini kovu haimufuate, kwa hiyo ikiachwa itazidi.
Mama, mimi nafanya kazi mu sale ya operasyo miaka mingi, nisikilize kwa hii moja tu hata kama utasahau zingine. Hapo swali la kwanza si nani atakata, ni nani atamulalisha. Ili kumupa mutu usingizi mukubwa tunainamisha kichwa nyuma, tunafungua kinywa, tunapitisha mupira mpaka ku njia ya hewa. Mutoto wako kichwa hakiende nyuma. Ukishamupa dawa ya kulegeza mwili halafu mupira ukatae kupita, pumzi imesimama na dakika ni chache sana. Nenda kwa ule dokta, muulize hivi: "Shingo haikunjuke, mutapitisha mupira namna gani, na nani atafanya?" Akikujibu "hakuna shida mama, tumezoea", shukuru na utoke. Munganga anayeijua hii kazi ataomba amuone mutoto mbele, atamuambia afungue kinywa, atapima vidole vinaingia ngapi, atakuambia kuhusu kamera ndogo ya kuongoza mupira, ao kwamba banaanza kumupa ketamini (dawa ya usingizi) na dawa ya ganzi, banafungua kovu kwanza, shingo ikilegea njo banaweka mupira. Atapima damu pia juu batoto betu wengi damu iko chini. Na mutu wa anestezi awe na jina, aonekane mbele ya siku ya operasyo, si kusema "tutamuita".

Papa_Exode (Uvira)
Ya infirmie ni kweli tupu. Naongeza kwa mambo ya timu ya inje. Sina neno baya kwao, wengine ni mafundi wa kweli. Lakini uliza banakaa siku ngapi. Grefe, ile ngozi ya kupandikiza, banaifungua mara ya kwanza karibu siku ya tano, hapo njo inajulikana ngozi imeshika ao imekufa. Kama siku ya tano bako ndani ya ndege, nani anafungua? Jirani yetu alipelekwa kwa timu ya hivyo, operasyo ilikuwa safi, kisha wakaondoka, ku kituo kilichobaki hakuna aliyeambiwa kitu, pansema (bandeji ya kidonda) ilikaa mpaka ikanuka. Sitaji kituo. Timu nzuri inaacha munganga wa hapa hapa mwenye alishika kisu pamoja nao, na anabaki na karatasi ya kila mugonjwa.

DadaKine (Bukavu)
Mimi ni kine, munganga wa kunyoosha viungo kwa mazoezi, watu wanatukumbuka mwisho. Operasyo ni nusu ya kazi, tena nusu fupi. Ngozi iliyopandikizwa, hasa ile nyembamba inayotolewa ku paja, inataka kujikunja tena miezi mingi. Mutoto atavaa kola ngumu inayoshikilia shingo, muchana na usiku, anaitoa kwa kuoga na kula na kunyoosha. Usiku analala bila muto, na kitambaa kimekunjwa chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma. Atalia, atakuambia inamuwasha. Utapakaza mafuta, utakanda kovu kwa kidole gumba, kila siku. Nimeona shingo nzuri zilizofanywa na munganga bora kabisa zikarudi zilivyokuwa juu kola ilibaki ku sanduku. Kwa hiyo muulize yule wa mujini: kola inatengenezwa na nani? kine ni nani? Anayesema mutoto anarudi nyumbani kesho yake, kwa grefe ya shingo, mimi ananiogopesha.

Likasi_Boy (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Sisi ku Lubumbashi bengi tunapitaka Kasumbalesa tunaenda Lusaka, kule hospitali ya Beit CURE banaopere batoto benye makovu ya moto. Kwa mama wa Bukavu ni mbali sana, Kisubi njo karibu. Swali: dokta wa mujini ni spesialisti kweli? Ku Kongo dokta jenerali anaopere kila kitu, sezariene, herini (ngiri), na banaokoa batu, ila operasyo ya plastiki, ya kutengeneza ngozi na makovu, ni masomo ingine ya miaka. Muombe diplome ya spesialite, kisha uulize ku Ordre des Médecins (chama kinachoandikisha badokta) ya province yako kama ameandikwa hivyo. Kama alisomea Uganda, Kenya ao Rwanda, muulize kama alipita mutihani ya COSECSA, chuo cha banganga ba operasyo ba Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Mwenye nayo hakasirike ukimuuliza.

Furaha_Himbi (Goma)
Na mama, mbele ya Uganda pitia kwanza ku hospitali ya Panzi hapo Bukavu upate ushauri. Batu banafikiri pale ni kwa bamama benye fistula peke yake juu ya jina ya Dokta Mukwege, kumbe ni hospitali jenerale ya referansi. Hata bakisema hii kazi bakupeleke kwingine, utaondoka na barua, na hiyo barua inasaidia kule mbele.

MamaKadutu (Bukavu)
Asanteni, nimesoma yote na baba yake, nimemusomea kwa sauti ile ya infirmie mara mbili. Leo tulienda kwa dokta. Nikamuuliza ya mupira. Akasema atatumia sindano tu, hakuna mupira, na mutu wa anestezi atamuita siku ile. Nikauliza kama mupira ukihitajika katikati ya kazi. Akasema mama unasoma sana intaneti. Diplome ya spesialite hakutuonyesha. Baba yake alinyamaza mpaka tumefika Nyawera, kisha akasema basi, hapana hapa.
Kesho tunaenda Panzi kutafuta barua. Shemeji amepiga simu CoRSU, banataka tutume foto za shingo mbele na kando, na kinywa kikiwa wazi. Hawakuomba hata franga, bameomba kuona kinywa kwanza. @DadaKine nikirudi naye nitakutafuta kwa ajili ya kola, niandikie ku inbox unafanyia wapi.

Infirmie_wa_Usiku (Goma)
Foto upige mchana inje, si na flashi, na ya kando kidevu ajaribu kuinua kadiri anaweza. Andika pia uzito wake na dawa zote anazokunywa. Na kama siku ile ako na kikohozi ao homa sema mbele, usifiche juu ya kuogopa kupoteza randevu, wataisogeza tu.

DadaKine (Bukavu)
Nimekuandikia mama. Lakini usingoje kurudi, anza sasa kumukanda shingo na mafuta asubui na jioni, na umuzoeshe kulala bila muto toka leo.