Dubu wa mawe wa Wainuiti wanasimamaje kwa mguu mmoja?

Patasi: Wakuu, dubu wanaocheza wa Pauta Saila, mchongaji Mwinuiti (wenyeji wa Aktiki) wa kijiji cha Kinngait, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, uzito wote uko juu ya mguu mmoja. Ni jiwe gani hilo, na mguu unaponaje wakati wa kuchonga?

Bonge: Kinngait wanachonga sana serpentinaiti, ingawa watu wengi huiita jiwe la sabuni. Jiwe la sabuni halisi hukwaruzika kwa ukucha. Serpentinaiti ni ngumu zaidi, inataka kifaa cha chuma kuikwaruza, ndiyo maana mguu mmoja unaweza kuhimili kiwiliwili.

Kwanza gonga bonge la jiwe kwa nyundo. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti butu lina ufa. Lilowanishe pia uliache likauke: penye ufa patabaki mstari wenye unyevu. Jiwe lililopasuliwa kwa baruti lichunguze mara mbili, maana nyufa zake ni nyembamba mno.

Mguu unaachwa mwisho. Kichwa, mgongo na mikono vitoke wakati chini bado kuna kitako kinene, kwa sababu mtetemo wa grainda huvunjia pembamba. Ukifika mguuni grainda pembeni, shika tupa. Kila baada ya muda msimamishe dubu juu ya ubao bapa. Akiinama, punguza upande mzito wa juu, usiguse unyayo.

Msasa600: Hapo kwenye kung'arisha ndipo kazi nzuri huharibika. Msasa wa maji namba 220 (wa kukwaruza zaidi), 400, 600, kisha 1000 (laini), bila kuruka. Mikwaruzo ya 220 hujificha jiwe likilowa na kuibuka likikauka, kwa hiyo kausha na ukague kwanza. Nta iwe ya mwisho kabisa.

Na tafadhali sana: serpentinaiti inaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haikukingi. Vaa ya mpira yenye kichujio cha P100, kinachozuia vumbi laini kabisa, chongea nje, na nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba.

Patasi: Ahsante sana. Vijiji vingine navyo vinatumia jiwe hilohilo?

Bonge: Hapana, na umbo hufuata jiwe. Baker Lake jiwe lao ni gumu sana, hivyo sanamu zao ni nene, za mviringo, zisizo na nakshi nyingi. Sanikiluaq wana argilaiti, jiwe la rangi nzito lenye punje ndogo mno, inayokubali mistari myembamba.

Ukitaka kununua, tafuta lebo ya igloo, inayothibitisha kuwa sanamu ni kazi ya Mwinuiti, iliyoanzishwa na serikali ya Kanada mwaka 1958. Kisha geuza sanamu: ukiona mshono wa kalibu, hiyo ni resini iliyomiminwa.