Gari la kunyonya majitaka linamwaga wapi baada ya kutoka kwangu?

Mkaazi wa Bamburi:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nasimamia nyumba za kupangisha hapa Mombasa ambazo hazijaunganishwa na bomba la majitaka, na kila tangi likijaa huita gari la kunyonya. Safari hii watu wawili wamenitajia bei zilizoachana mno, na yule wa bei ya chini hakutaka kusema anakwenda kumwaga wapi. Je, sheria inanitaka nijue, au jukumu langu huisha gari likishatoka langoni?

Afisa wa afya mstaafu:
Wa alaikum salaam. Jukumu lako haliishii langoni, ndugu yangu. Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma za maji na usafi, lakini kibali cha kusafirisha taka hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliweka sharti kwamba msafirishaji awe na leseni, afuate njia iliyoidhinishwa, na wakati wote awe na fomu ya ufuatiliaji inayoonyesha taka zimetoka wapi, nani amezibeba na zimepokewa wapi. Mwitishe leseni kabla hajashusha mpira, na fomu akishamaliza kazi. Kwa maoni yangu fomu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu leseni huthibitisha tu kwamba gari linaruhusiwa kubeba, ilhali mzigo wenyewe unaweza kuishia mtaroni usiku.

Dereva, Likoni:
Naomba niongeze kuhusu bei. Mtambo wa kusafisha majitaka wa Kipevu, ambako magari humwaga, uko Changamwe. Anayetoka Bamburi hupita daraja la Nyali, akakatiza kisiwani hadi Makupa. Sisi wa Likoni hungoja feri au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Mafuta, foleni na ada ya kumwaga vyote huingia katika bei, kwa hiyo anayetoza nusu yake aeleze kwa nini safari yake ni rahisi hivyo. Hata hivyo, kuwakamata madereva pekee hakutatosha ikiwa kaunti haitasogeza vituo vya kupokelea karibu na mitaa, kwa kuwa umbali ndio unaowashawishi wengi wamwage njiani.

Mama wa Kisauni:
Nawasihi wenye nyumba msilichukulie jambo hili kuwa la harufu tu. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na uchafu unaomwagwa juu hupenya upesi hadi kwenye visima tunavyovitegemea mifereji inapokauka. Kipindupindu tunakijua. Ndugu wa Bamburi, mwite mwenye fomu hata kama ni ghali, na ukiliona gari likimwaga mtaroni, andika nambari yake, mahali na saa, kisha upeleke taarifa kwa afisa wa afya wa wadi na ofisi ya NEMA.

Mkaazi wa Bamburi:
Nashukuru sana. Nimemwita yule wa bei ya juu, na nimemwambia kwamba malipo yatakamilika fomu ikirudi na muhuri wa Kipevu.