Nimemfukuza kijana wa watu kwa wizi wa dizeli, kumbe mashine ya kupima tenki imewekewa chati ya tenki la mtu mwingine!!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, uzi mrefu na sitaupanga vizuri.

Nina sheli ndogo njia ya Singida, matenki mawili chini ya ardhi, moja petroli moja dizeli. Dizeli ndio inanilisha maana wateja wangu ni malori na trekta. Miaka yote tulikuwa tunapima kwa dipstiki kama watu wote, asubuhi kijana anafungua manholi anatumbukiza fimbo, anasoma sentimita, anatazama kwenye chati zile sentimita ni lita ngapi, anaandika kwenye daftari, tunalinganisha na mita za pampu, basi. Mvua ikinyesha ni tabu, na ukiwa safarini unategemea unachoambiwa kwenye simu, hilo sikatai, ndio mlango walioingilia hawa jamaa wa kampuni ya mashine za kupima tenki.

Mwaka jana mwezi wa 10 wakaja na laptopu na mashati yenye nembo. Wakaniambia mzee dipstiki ni mambo ya zamani, weka mfumo, utaona lita zako kwenye simu hata ukiwa Dubai (sijawahi kufika Dubai, lakini nilisikia raha). Nikalipa. Pesa yenyewe siitaji hapa maana mke wangu anasoma humu.

Wakafunga kweli. Probu mbili (vile vifimbo vya kupimia vinavyokaa ndani ya tenki), kiboksi chenye skrini ofisini, laini ya simu ndani yake ya kurusha data, apu kwenye simu yangu. Siku ya kukabidhi fundi akachukua dipstiki yangu mwenyewe akaitumbukiza, sentimita 125, skrini nayo 125 na pointi ndogo. Tukapigiana makofi. Akaniambia sasa hiyo fimbo tundika ukutani iwe kumbukumbu. Nami nikaitundika, mjinga mimi.

Wiki ya kwanza tu apu ikaanza kupiga kelele. Nyekundu. Dizeli pungufu lita 80. Kesho yake 76. Keshokutwa 83. Tunauza kama lita 2,000 kwa siku, kwa hiyo kila siku lita 80 zinapotea, ni zaidi ya laki mbili kwa siku wakuu, kwa mwezi hesabu wenyewe. Nikapiga simu kwa kampuni, wakajibu kwa kujiamini kabisa: mfumo ndio umekuonyesha ulichokuwa huoni, kwa dipstiki walikuwa wanakuibia muda mrefu. Hiyo kauli ndiyo iliyoniharibia nyumba yangu. Nikaanza kuwakata vijana shoti, yaani ule upungufu, kwenye mishahara. Kijana wa zamu anakula shoti ya dizeli ambayo hajawahi kuigusa, ana mtoto mchanga, mimi namwambia mashine haidanganyi. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikamfukuza msimamizi wa zamu ya usiku. Dogo alikaa na mimi miaka minne. Hakubishana sana, aliniambia tu "bosi pima na fimbo". Nikaona ananiletea ujanja.

Sasa sikilizeni jinsi ukweli ulivyokuja.

Kuna mzee alinisimamia sheli miaka ya mwanzo, alistaafu, wiki iliyopita kapita kunisalimia nikamlalamikia. Akauliza swali moja, boza likishusha mashine inasemaje? Nikamwambia boza halina shida, tena huyo msambazaji wangu ni muungwana, nikiagiza lita 10,000 mashine inasoma 10,400. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu lini mtu wa boza akakupa lita 400 za bure?

Aisee. Tena sio kwamba sikuwahi kuuliza. Niliwahi kuwauliza kampuni hiyo ziada ya boza, wakasema ni joto, mafuta yanatanuka. Ni kweli yanatanuka, ila chukueni kalamu: dizeli lita 10,000 ikipanda nyuzi moja ya joto inaongezeka lita 8 hivi. Petroli ndio inakimbia zaidi, kama 12. Ili dizeli yangu iongezeke lita 400 lazima ipande nyuzi karibu 50 ikishafika chini ya ardhi. Hamsini! Hapo ni jiko sio tenki. Halafu boza lenyewe limeshinda juani toka Dar, mafuta yanashuka yakiwa ya moto yanakutana na udongo wa baridi, kwa hiyo kama ni joto basi yalitakiwa YAPUNGUE. Na mimi nilikubali jibu hilo. Ripoti ya kushusha ipo ukurasa mwingine wa apu, inaonyesha kijani, nani anahangaika na kijani, mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kutazama nyekundu.

Mnaona mchezo? Lita 80 za upungufu kwa siku tano ni 400. Boza likija baada ya siku tano linaleta ziada 400. Mwisho wa yote hakuna kilichopotea. Hakuna aliyeiba hata kopo.

Usiku huo tukafunga pampu za dizeli saa nne. Tukachukua lile kopo la lita 20 la kukagulia pampu, tukajaza mara 50 kwenye mapipa matano, lita 1,000 za halali zilizopimwa kwa macho ya watu wanne. Skrini ikasema tenki limepungua 1,038. Tukarudisha zote tenkini, skrini ikasema zimeongezeka 1,041. Nilikaa juu ya pipa kimya kama dakika kumi.

Kwa ambao hamjui hizi mashine zinavyofanya kazi, na mimi nilikuwa sijui mpaka yaliponikuta. Ile probu ni fimbo imesimama toka juu hadi chini ya tenki, imevalishwa maboya mawili yenye sumaku, moja linaelea juu ya mafuta, lingine linakaa pale maji yanapokutana na mafuta, maana maji ni mazito yanalala chini. Ndani ya fimbo kuna waya, mashine inatuma umeme kidogo kwenye waya, ukikutana na sumaku ya boya waya unapata mtikisiko unaorudi juu, mashine inahesabu muda wa kurudi, inajua boya lipo urefu gani. Ni kitu cha uhakika sana, inasoma mpaka chini ya milimita. Sina ugomvi na probu kabisa. LAKINI INAJUA UREFU TU. Haijui lita hata moja. Lita zinatoka kwenye chati aliyoingiza fundi ndani ya kiboksi, na chati ya tenki ni kama kiatu, kila mguu na saizi yake. Tenki limelala kama pipa lililolazwa, kwa hiyo sentimita moja ya chini sio sawa na sentimita moja ya katikati. Tenki langu kipenyo mita 2.5, pale katikati sentimita moja ni lita 150 na kitu, ukiwa sentimita 20 toka chini ni kama lita 80 tu. Huwezi kukisia. Ndio maana siku ya kukabidhi sentimita za fimbo na za skrini zililingana na sote tukapiga makofi, hakuna aliyeuliza LITA.

Mzee alikuwa bado na picha ya chati yetu ya zamani kwenye simu yake, ile iliyopatikana kwa kumimina maji yaliyopimwa na kusoma fimbo hatua kwa hatua. Sentimita 125 ni lita 15,000. Skrini yangu kwa 125 inasema 15,600. Nikaingia kwenye mipangilio sehemu ya kusoma tu, ujazo wa tenki: 31,200. Tenki langu ni la 30,000! Ilikuwa imeandikwa hapo hapo miezi yote hiyo. Asilimia 4 kila mahali, toka chini mpaka juu.

Nikamtafuta fundi aliyefunga, ameshaacha kazi kwao, akaniambia ukweli bila kona. Walikuwa na faili la tenki lingine kwenye laptopu, kipenyo ni hicho hicho mita 2.5, ila lile ni refu kuliko langu kama sentimita 24, wakaliingiza hilo hilo wakamaliza kazi jioni wawahi basi. Chati yangu ilikuwa kwenye faili ofisini kwangu, hatua tano toka walipokaa wanakunywa soda yangu. Hawakuomba. Na akaniambia zaidi, kuna mashine za aina hii zinaweza kujirekebisha chati zenyewe kwa kulinganisha mauzo ya pampu na urefu unavyoshuka, ukizilipia hiyo huduma na kuziunganisha na pampu. Mimi nilifungiwa ya bei ya chini. Sawa, bei ya chini, lakini ndio uniletee tenki la mtu?

Fikirieni na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, bei mpya za EWURA, wale wanaotupangia bei kikomo za mafuta, zinapotoka. Usiku wake unakaa unahesabu una lita ngapi chini, uagize sasa au usubiri. Mimi miezi yote hiyo napiga hesabu na mafuta ambayo hayapo.

Juzi nikawapigia kampuni wabadilishe chati. Jibu walilonipa nitawaandikia kama lilivyo: "mzee, kubadilisha chati ni kazi ya saiti, ina gharama yake." Nikasema basi nipeni paswedi nibadilishe mwenyewe, wakasema paswedi ni mali ya kampuni. Yaani kiboksi changu, tenki langu, dizeli yangu, kosa lao, na paswedi yao. Na leseni ya apu ya mwaka mzima nimeshalipa, mwezi wa 10 wanataka nyingine.

Vijana nimewarudishia makato yote, niliuza mbuzi kadhaa ila nimerudisha. Dogo nimempigia mara sita hapokei. Dada yake ndio amepokea, akaniambia kaka yupo Geita anachimba, na akaniuliza kwanini namtafuta, nimekosa nini kingine cha kumsingizia. Sikuwa na jibu la haraka.

Naomba msaada wa mambo mawili. Moja, kuna mtu humu anajua kama mkataba usiosema chochote kuhusu chati unaweza kuwabana, maana wa kwangu umeandika "kufunga na kukabidhi mfumo" tu. Pili, kama umefungiwa mashine hizi, usiku huu huu nenda kwenye mipangilio utazame ujazo wa tenki ulioandikwa, ulinganishe na karatasi za tenki lako. Jina la kampuni sitaji hapa, msinifuate inboksi.

Fimbo nimeishusha ukutani, tunapima nayo kila asubuhi.

APDETI saa tatu usiku: wamenipigia sasa hivi. Wamekubali kuja Jumatatu kubadilisha chati "kwa uungwana". Nauli ya fundi, chakula na gesti ni juu yangu. Nimemuuliza kwa upole, mshahara wa dogo wa miezi yote hii nao ni juu ya nani? Akasema mzee hilo ni suala lingine. Nimekata simu.