Kitabu cha juu cha nadharia ya sumakuumeme: nikikague vipi kabla ya kukifanya rejea ya kazini?

Masafa_Mafupi
Wakuu, naomba ushauri. Kazi ni ya antena na miongozawimbi. Nataka kitabu cha ngazi ya uzamili cha kukaa mezani, cha kufunguliwa pale mlinganyo mmoja unapohitajika, si cha kusomea mtihani. Nikipewa nusu saa ya kukipekua, niangalie nini?

FundiAntena
Mkuu, anza na kipeo cha wakati, yaani namna mwandishi anavyoandika wimbi linavyobadilika kwa wakati. Wahandisi wengi huandika e^(jωt), wanafizikia wengi e^(−iωt). Tafuta ukurasa ambao mwandishi ametaja anatumia kipi. Asipotaja popote, kiache. Kwa kile cha kwanza, ε (kiwango cha kihami kuitikia uga wa umeme) ya kihami chenye upotevu huandikwa ε′ − jε″, na wimbi la silinda linalotoka kwenye chanzo hubebwa na fungsheni ya Hankel ya aina ya pili. Kwa kile cha pili alama inageuka, na Hankel inakuwa ya aina ya kwanza. Ukichukua mlinganyo wa huku na ε ya kule, wimbi litazidi kukua ndani ya kihami badala ya kufifia, na programu haitakuonya.

Nodi
Naongeza vizio. Toleo la 3 la Classical Electrodynamics cha Jackson, kwa mfano, ni SI katika sura 10 za mwanzo, kisha vizio vya Gauss. Anayesoma kwa mfuatano hasumbuki. Anayedokoa mlinganyo mmoja ndiye anayeumia. Upitishaji wa shaba ni 5.8×10⁷ S/m kwa SI, lakini kwa Gauss ni kama 5.2×10¹⁷ kwa sekunde. Pengo kama hilo utaliona mara moja. Linalojificha ni 4π iliyosahaulika: kwenye hesabu ya nguvu ni dB 11, na jibu bado linaonekana la kuaminika.

Masafa_Mafupi
Nashukuru. Na usahihi wa milinganyo yenyewe?

FundiAntena
Kokotoa mambo ambayo majibu yake yanajulikana. Kina cha kupenya kwenye shaba kwa GHz 1 kitoke mikromita 2.1. Mwongozawimbi WR-90, upana mm 22.86, uanze kupitisha TE10 (umbo la wimbi linalopita kwa masafa ya chini kabisa) kwenye GHz 6.56. Hayo ni mepesi, karibu kila kitabu kitafaulu.

Kipimo kigumu ni tufe la metali. Eneo lake la radar (ukubwa wake unavyoonekana kwa radar) liwe 9πa²(ka)⁴ tufe likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi, na tufe likiwa kubwa sana lielekee πa²; a ni nusukipenyo, k ni 2π gawanya kwa urefu wa wimbi. Ili ncha zote mbili zikubali, fungsheni za Bessel na Legendre pamoja na fazi zote lazima ziwe sawa. Kwenye Legendre kuwa makini: baadhi ya vitabu huweka (−1)^m ndani yake, vingine hapana.

Nodi
Usiisahau faharasa. Tafuta maneno matano unayoyahitaji kila wiki. Yakikosekana matatu, hicho ni cha darasani. Ulizia pia orodha ya masahihisho ya chapa hiyo hiyo. Ila usikikatae kitabu kwa sababu tu kinasema μ₀ (upenyezaji sumaku wa ombwe) ni 4π×10⁻⁷ kamili. Tangu 2019 thamani hiyo hupimwa, lakini tofauti yake haigusi kazi ya antena.